Furaha nyeusi zilizoiva: kisa cha neno "merry"

Sentensi yenyewe haifiki hata mistari miwili. Imetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, ila imefuata mtindo wa vitabu vya upishi vya Uingereza vya karne ya 18:

"Take six pounds of black merries, full ripe, bruise them with their stones, and put to them a gallon of brandy."

Na hii ndiyo rasimu ya kwanza ya Kiswahili, ile inayotoka mtu akifanya kazi huku saa inamkimbiza:

"Chukua pauni sita za furaha nyeusi zilizoiva kabisa, zichubue kwa mawe yao, na uziwekee galoni ya brandi."

Furaha zimeiva, zina rangi, zimepimwa kwa mizani, kisha zinapigwa mawe. Msomaji atacheka, na hilo ni afadhali, maana kosa la kuchekesha hujitangaza lenyewe na mhariri hulikamata asubuhi ileile. La hatari zaidi ni la mfasiri wa pili, anayeona kwamba furaha haiwezi kuiva, akaandika "matunda meusi" na kuendelea na safari. Hilo halimchekeshi mtu. Linapita mezani kwa mhariri, linaingia kitabuni, na mpishi anayekifuata kitabu anabaki kujiuliza: matunda gani? Zambarau? Zabibu?

Sentensi ina mitego minne: merries, bruise, stones na pounds. Huo wa kwanza ndio mkubwa, nao unastahili muda.

Mtu aliyesoma Kiingereza cha shule hana sababu ya kulishuku neno merry. Amelizoea kwenye kadi za Krismasi. Lakini sentensi yenyewe, kabla kamusi haijafunguliwa, inatoa ushahidi wa kutosha. Kwanza, merries ina alama ya wingi, na kivumishi cha Kiingereza hakichukui wingi. Merry ya Krismasi ni kivumishi, kwa hiyo hii si yenyewe. Pili, limetanguliwa na rangi, na kabla ya rangi kuna kipimo cha uzito. Kitu kinachopimwa kwa ratili na chenye rangi ni kitu cha kushikika. Tatu, kinaiva. Nne, kina "stones" zake chenyewe, na tunda lenye jiwe ndani ni tunda la kokwa, kama embe. Mfasiri makini anaweza kufika hapa bila kamusi yoyote: tunda dogo jeusi la kokwa, linaloliwa au kulowekwa kwenye pombe. Kinachobaki ni jina.

Kamusi ndogo ya mfukoni haitasaidia, kwa sababu merry ya aina hii imetoka katika matumizi ya kawaida. Kamusi kubwa za kihistoria zinalo, ila chini ya kidahizo chake chenyewe, yaani ingizo la peke yake, kando na kivumishi. Wengi hukwama hapo: wanafungua ukurasa wa merry, wanasoma kidahizo cha kwanza hadi mwisho, wanafunga. Neno la Kiingereza likiwa fupi na la zamani, soma vidahizo vyote vyenye tahajia hiyo, hadi cha mwisho.

Huko ndiko linapatikana: merry, nomino, cheri ya mwituni, hasa ile ndogo nyeusi.

Merry ya furaha ni neno la Kiingereza tangu zamani. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa myrge, yaani -a kupendeza. Merry ya tunda haina undugu nalo hata kidogo. Ni mgeni kutoka Ufaransa, ambako cheri ya mwituni huitwa merise hadi leo. Waingereza waliposikia merise, sauti ya mwisho iliwagonga masikioni kama alama ya wingi, maana kwao kitu kikizidi kimoja huongezewa s. Wakapiga hesabu: kama hizi nyingi ni merise, moja itakuwa merry. Wakaikata.

Hawakufanya hivyo mara moja tu. Neno cherry lenyewe limezaliwa kwa njia hiyo: Kifaransa cha kaskazini kilisema cherise, masikio ya Kiingereza yakasikia wingi, cherry ikabaki kama umoja. Mbaazi na njegere nazo zimo humo: neno pease lilikuwa umoja kamili, baadaye likaonekana wingi na likapunguzwa kuwa pea. Mvinyo wa mji wa Jerez kule Hispania uliitwa sherris, ukakatwa ukawa sherry.

Mswahili asiwacheke. Kitāb ya Kiarabu ina k-t-b kama mzizi wake, na ki ile ya mwanzo ni sehemu ya neno lenyewe. Wingi wake ni kutub. Sisi tukaisikia ki kama ya kiti na kisu, tukasema vitabu, na hakuna anayetuuliza. Mismār ya Kiarabu ni umoja. Kwetu mi- ni ya wingi, basi kimoja kikawa msumari na vingi misumari. Mzunguko wa barabarani uliowekewa kibao cha "keep left" ukawa kipilefti, na mji wenye mizunguko mingi una vipilefti. Tofauti ni mahali kisu kinapopita. Kiingereza hukata nyuma kwa sababu wingi wake uko nyuma. Kiswahili hukata mbele kwa sababu wingi wetu uko mbele.

Na merise, kabla ya kuvuka bahari, ilikuwa imeshakatwa upande wa pili. Wataalamu wa asili ya maneno ya Kifaransa huieleza kama amerise, kutoka amer, yaani chungu, pamoja na kimalizio cha cerise. Ukiweka kibainishi, yaani kile kineno "la", mbele unapata l'amerise, na mdomoni l'amerise na la merise ni sauti moja. Watu wakagawa vibaya, a ikaenda na kibainishi. Jirani yao Mwitaliano alipoteza a hiyohiyo: amarasca, kutoka amaro, chungu, ikawa marasca. Kutoka marasca ikapatikana maraschino, pombe tamu iliyoupatia sifa mji wa Zadar kwenye pwani ya Dalmatia, na kutoka pombe hiyo jina likahamia kwenye zile cheri nyekundu za shira zinazokaa juu ya aiskrimu.

Kwa hiyo tunda letu limekatwa kichwa Ufaransa na mkia Uingereza. Na neno lililoanza na uchungu ndilo lile rasimu ya kwanza iliyoliita furaha.

Merry ana ndugu wawili, na mfasiri akishamjua mmoja hana budi kuwajua wote, kwa sababu vitabu huwachanganya bila kumwonya mtu.

Gean ni neno la Scotland na kaskazini mwa Uingereza. Nalo ni la Kifaransa, kutoka guigne, na g yake hutamkwa kama ya gari, si kama ya jeni. Halijafa: wataalamu wa misitu na mafundi wa mbao wa Scotland wanalitumia bado. Tofauti na merry, ambalo karibu kila mara ni tunda, gean mara nyingi ni mti au mbao. Ukilikuta katika orodha ya mali ya nyumba ya zamani karibu na meza au kabati, hakuna tunda hapo. Sema "mbao ya mcheri mwitu". Mbao hiyo ni ya kahawia yenye wekundu, inanyooka vizuri kwenye randa na hushika msasa wa mwisho, ndiyo maana hupendwa kwa samani na ala za muziki.

Mazzard ni la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, na ndilo gumu kuliko yote matatu. Huko Devon ni tunda: cheri nyeusi au nyekundu za kienyeji zilizopandwa mashambani kaskazini mwa jimbo hilo. Katika kijiji cha Landkey, karibu na Barnstaple, ipo bustani ya jamii iliyopandwa aina za kienyeji za mazzard ili zisipotee. Lakini kwa mtu wa kitalu, iwe Uingereza au Marekani, mazzard si tunda la kula. Ni mche wa chini, ule wa kubebeshea. Unaotesha mbegu za cheri mwitu, mche ukishakuwa na unene wa kutosha unaubebesha kikonyo cha cheri tamu ya kisasa. Mizizi ya mazzard ina nguvu na hukubaliana na karibu kila aina ya cheri tamu, ila mti unakuwa mkubwa mno kwa mchumaji na unachelewa kuzaa. Kituo cha utafiti cha East Malling, Kent, kilichagua mazzard mmoja na kuuzalisha bila mbegu ili miche yote ifanane. Ndiyo ile inayoandikwa F12/1 kwenye orodha za vitalu. Wenye mashamba ya kisasa wengi wamehamia miche mifupi kama Gisela ya Kijerumani. Maandishi ya kitalu yakisema "on mazzard", tafsiri ni "uliobebeshwa juu ya mcheri mwitu". Ukiandika "juu ya cheri mwitu", mkulima atadhani umerundika matunda.

Msomaji wa Biblia ataukumbuka mzeituni mwitu wa Warumi 11, uliopandikizwa katika mzeituni mwema. Mwenye kitalu hufanya kinyume chake: mwitu chini, mwema juu. Paulo mwenyewe alikubali katika sura hiyo kwamba anachosema ni kinyume cha asili.

Mazzard lina mtego mwingine usiohusu mimea. Kwa Shakespeare ni kichwa. Katika tukio la makaburini la Hamlet, kitendo cha tano, fuvu linatajwa kwamba linagongwagongwa "mazzard" kwa koleo la mchimba kaburi. Othello nayo inalo, pale mlevi anapotishia kumpiga mwenzake kichwani. Maelezo ya kawaida ni kwamba limetokana na mazer, bakuli la mti la kunywea, na kichwa kikafananishwa na bakuli. Kwa mtu wa pwani mantiki hiyo haihitaji mkalimani: fuu la kichwa na kifuu cha nazi ni neno moja kwa ukubwa na kwa udogo, na kifuu ndicho chombo cha kuchotea na kunywea. Mfasiri wa Hamlet anayeweka tunda hapo atakuwa amemwaga cheri kaburini.

Kwa ufupi wa kazi: jikoni ni merry; kwa seremala ni gean; kitaluni ni mazzard; jukwaani ni mazzard tena, lakini shika kichwa.

Mti unaobeba majina hayo yote ni mmoja, Prunus avium, mama wa cheri tamu zote za sokoni. Ni mti wa Ulaya na Asia ya magharibi, unaopukutisha majani majira ya baridi, na msituni hupita mita 20 kwa urefu. Gome lake ni la kahawia inayong'aa, lina mistari ya vinyweleo inayolala kukingama na shina, na huchubuka kwa mzunguko kama karatasi. Kwenye kikonyo cha jani, pale kinapokutana na jani lenyewe, kuna vinundu viwili vidogo vyekundu; ukiviona hivyo pamoja na gome lile, huna haja ya kusubiri tunda. Maua ni meupe, hutoka majira ya machipuo. Tunda la mwituni lina upana wa sentimita 1 hivi, nyama kidogo, kokwa kubwa. Mti mmoja unaweza kuwa na tunda tamu na jirani yake ukawa na tunda linalokunja uso, maana yote imeota kwa mbegu, kila mmoja na bahati yake.

Avium ni Kilatini, maana yake "ya ndege". Na hapa ndipo wafasiri wanaojiamini kwa Kilatini huanguka, kwa sababu Waingereza wana mti unaoitwa kwa jina lao "bird cherry", cheri ya ndege, nao si huu. Ni Prunus padus, wenye maua yaliyopangika kwenye shuke refu na vitunda vyeusi vichungu vya ukubwa wa njegere. Kaskazini mwa Uingereza huitwa hagberry, neno la Waskandinavia. Jina hilo lilivuka Atlantiki, likageuka hackberry, na huko likashikamana na mti wa ukoo mwingine kabisa, Celtis. Kwa hiyo "cheri ya ndege" si tafsiri salama ya chochote mpaka jina la kisayansi lionekane.

Marekani ina mkanganyiko wake. "Wild cherry" katika maandishi ya Kimarekani mara nyingi ni Prunus serotina, mti wa asili ya huko, ambao gome lake limetumika tangu zamani katika dawa za kikohozi. Mswahili wa Minneapolis akiona maneno hayo kwenye chupa ya dawa ya kifua, asifikirie merry wa jikoni mwa Mwingereza. Akiyaona kwenye pipi, ni jina la ladha tu, na huenda hakuna mti wowote uliohusika.

Kwa wanaoingia kupitia Kifaransa, yaani wasomaji wetu wengi wa Kongo na Burundi, mtego uko Quebec. Merisier katika Kifaransa cha Ufaransa ni mcheri mwitu. Katika mazungumzo ya Quebec, hasa kwa mafundi na wauza mbao, merisier ni mti mwingine, Betula alleghaniensis, ambao si wa jamii ya cheri hata kidogo. Aliyejifunza neno hilo Bujumbura kwa kamusi ya Paris na kuagiza mbao Montreal ataletewa mbao nzuri, ngumu, isiyokuwa ile aliyoitaka.

Afrika Mashariki nayo ina Prunus wake wa msituni: Prunus africana, muiri kwa Wakikuyu, tendwet kwa Wakalenjin. Vitabu vya Kiingereza huuita cheri ya Afrika. Ni mti wa milimani, mgumu, na gome lake limevunwa sana kwa ajili ya dawa za tezi dume zinazouzwa Ulaya, hadi biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1995. Ni binamu wa merry kisayansi, lakini si jibu la sentensi yetu. Mpishi wa Kiingereza hakuwa na muiri, na mtu wa Nyeri hachumi muiri kwa kula.

Basi Kiswahili kiseme nini?

Kuna kishawishi cha zambarau, na tukiri kina mvuto. Ni tunda dogo, jeusi, lina kokwa moja, linapaka ulimi rangi, na watoto hulipandia mtini bila ruhusa ya mtu. Kwa shairi ambalo kitu pekee kinachohitajika ni midomo iliyopakwa rangi, zambarau inaweza kutetewa. Kwa mapishi haifai. Zambarau inakausha kinywa, na kokwa yake haina ile harufu ya lozi ambayo mapishi haya yanaitafuta. Mtu akiponda zambarau na kokwa zake katika brandi, atapata kitu, ila si kitu hiki.

Cheri peke yake? Neno lipo katika kamusi na masikioni. Shida ni kwamba kwa maelfu ya wasomaji wa Kenya cheri si tunda la keki. Ni kahawa mbivu, ile nyekundu inayopelekwa kiwandani na kulipwa kwa kilo, tofauti na mbuni iliyokaushwa na ganda lake. Sasa mwandikie mkulima wa Kirinyaga "cheri nyeusi zilizoiva kabisa". Ataelewa kitu mahususi kabisa: kahawa iliyopitiliza mtini, ambayo karani wa kupokea ataikataa na kukuambia uirudishe ukaichambue. Msomaji wa Maskati naye ana karaz ya Kiarabu, ambayo ni cheri hiyohiyo. Karaz na cherry zote asili yake ni kerasos ya Kigiriki, zimepita njia mbili tofauti. Lakini karazi haijaingia katika Kiswahili cha kawaida, na hakuna sababu ya kuilazimisha.

Kinachohitajika ni cheri pamoja na alama ya uporini. "Pori" au "mwitu"? Yote mawili yanaeleweka. Tunachagua mwitu, kwa sababu Kiswahili kina mazoea nalo kwenye mimea: mzeituni mwitu wa Warumi umeshatajwa, na Isaya 5 ina zabibu-mwitu, zile zilizomvunja moyo mwenye shamba. Zaidi ya hapo, zabibu-mwitu imeshatufundisha kusikia uchungu ndani ya neno mwitu, na uchungu ndio ulikuwa maana ya merise tangu mwanzo. Kwa hiyo: cheri mwitu kwa tunda, mcheri mwitu kwa mti, wingi micheri mwitu. Upatanisho wa tunda uwe wa zabibu na kunazi: cheri mwitu nyeusi, zilizoiva. Macheri meusi si kosa la kumfunga mtu, ila linafanya tunda la sentimita moja lionekane kama chungwa.

Mitego mitatu iliyobaki inapita haraka zaidi.

Stones ni kokwa. "Mawe" yalitokana na kamusi, lakini kosa kubwa zaidi katika rasimu lilikuwa "kwa". "With their stones" hapa ni pamoja na kokwa, si kwa kutumia kokwa. Kiswahili kinatenganisha mambo hayo mawili vizuri. Ni mfasiri aliyeacha kuyatenganisha.

Bruise katika jikoni la zamani si kuchubua. Ni kuponda kidogo, nyama ipasuke na maji yatoke, bila kusaga. Kwa nini na kokwa? Kwa sababu ndani ya kokwa mna kemikali iitwayo amigdalini, na mbegu ikipasuka hutoa harufu ya lozi chungu inayoipa pombe ya cheri tabia yake. Hutoa pia sianidi. Anayejua muhogo mchungu anajua habari hii: sumu ya jamii hiyohiyo, ndiyo maana muhogo huo huvundikwa, hulowekwa na kuanikwa. Tafsiri ya kitabu cha historia haina la kuongeza. Tafsiri ya kitabu kitakachotumiwa jikoni iweke maelezo ya mstari mmoja: tumia cheri nzima bila kuvunja kokwa.

Pounds: "pauni" katika Kiswahili cha leo ni fedha kwanza, uzito baadaye. Pauni sita za kitu inaweza kusomeka kama bei. Tunalo neno la zamani la pwani, ratili, lenye wakia 16, karibu sawa kabisa na paundi ya Kiingereza. Kwa matini ya karne ya 18 ratili inakaa mahali pake, umri wake unalingana. Kwa mpishi wa leo, andika kilo 2.7. Galoni nayo ina tarehe: Uingereza ilibadilisha galoni yake kwa sheria ya mwaka 1824. Ya zamani ya mvinyo, ambayo Wamarekani wamebaki nayo, ni lita 3.8 hivi, iliyofuata ni lita 4.5. Maandishi ya karne ya 18 yanataka lita 3.8. Anayeweka 4.5 amezidisha brandi kwa karibu moja ya tano.

Sentensi ikitoka mikononi inasomeka hivi:

"Chukua ratili sita za cheri mwitu nyeusi, zilizoiva barabara, ziponde pamoja na kokwa zake, kisha zimiminie galoni moja ya brandi."

Na mahali pa kwanza neno linapotokea, maelezo ya chini: "Cheri mwitu: tunda dogo la mti wa misitu ya Ulaya, Prunus avium, lenye kokwa moja na mara nyingi uchungu kidogo, katika Kiingereza cha zamani liliitwa merry." Neno merry lenyewe lisibaki ndani ya matini. Msomaji wa Kiswahili atalitamka kama meri, na meri kwetu ni jina la mtu.

Kuna hali moja inayobadilisha hesabu: mwandishi wa Kiingereza anapocheza kwa makusudi na merry mbili, ya tunda na ya furaha, mathalani "merries make merry hearts". Maelezo ya chini yataeleza mzaha huo na kuuua papo hapo. Kwa bahati ambayo hakuna aliyeipanga, neno tulilochagua lina heri ndani yake: ondoa herufi moja tu mbele, upande tuliozoea kukata. "Cheri za heri", na moyo hauhitaji hata kutajwa.